Ksh moja ilikuwa Tsh ngapi mwaka ule? Namna ya kutafuta kiwango cha zamani bila kujidanganya

Swali hili huja kwa sura nyingi. Warithi wamekuta daftari la mzee, ndani yake kuna deni la Ksh 10,000 alilomkopesha mtu wa Taveta, Kenya, nao wako Rombo, Tanzania, na wanataka kujua hiyo ilikuwa pesa kiasi gani. Mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu biashara ya Sirari na Isebania, miji miwili inayotazamana mpakani. Mstaafu aliyefanya kazi kwenye reli za iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki bado ana karatasi zake za mshahara za Nairobi. Wengi huandika mwaka kwenye simu, namba moja ikatokea, wakazidisha, basi. Namba hiyo inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye vitabu vya benki kuu na bado ikakupoteza, hasa mwaka wako ukiangukia kati ya 1977 na 1993.

Utahitaji tarehe (mwaka peke yake mara nyingi hautoshi), kikokotoo, intaneti kidogo, na ikiwezekana mzee mwenye kumbukumbu nzuri za bei za madukani. Huyo wa mwisho utaona umuhimu wake kwenye hatua ya tano.

Hatua ya 1: Hakikisha ni shilingi ipi

Kabla ya Juni 1966 hakuna cha kutafuta. Tangu 1921 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi 20 kwa pauni ya Uingereza. Zanzibar iliingia mwaka 1936, rupia yake moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 14, 1966 ikaanza kutoa shilingi yake, na Kenya ikatoa ya kwake Septemba mwaka huohuo. Zote mbili zilianza sawa kwa sawa na ile ya zamani, yaani shilingi 7.14 kwa dola ya Marekani.

Kwa hiyo kuanzia 1966 hadi katikati ya miaka ya 70, kiwango rasmi ni moja kwa moja. Hata Oktoba 1975, nchi hizi zilipoacha kufunga shilingi zao kwenye dola na kuzifunga kwenye SDR, ile sarafu ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), zilihama pamoja.

Mtego wa miaka hiyo ni pauni. Novemba 1967 Uingereza ilishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi dola 2.40, na Afrika Mashariki haikufuata. Pauni iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17.14. Ukikuta mkataba wa 1969 umeandikwa kwa pauni za Uingereza, usizidishe kwa 20 kwa mazoea. Lakini kuna pauni nyingine tena: serikali ya Kenya kwa miongo kadhaa iliandika bajeti na takwimu zake kwa "pauni ya Kenya", ambayo haikuwa noti wala sarafu, ilikuwa jina tu la Ksh 20. Hiyo haikuguswa na mambo ya London, ilibaki 20 siku zote. Angalia alama iliyo mbele ya namba, na nani aliyeandika kitabu.

Wasomaji wa nchi jirani wawe macho zaidi kwenye hatua hii: Ksh na Tsh hazijawahi kukatwa sifuri, lakini za kwao zimekatwa. Uganda ilitoa shilingi mpya Mei 1987, mpya moja kwa 100 za zamani. Zaire ilitoa zaire mpya mwaka 1993 kwa milioni tatu za zamani, kisha Kongo ikaleta faranga mwaka 1998 kwa zaire mpya 100,000. Huko kukosea aina ya sarafu ni kukosea mara mia, au hata mara mamilioni.

Hatua ya 2: Chagua upande na usigeuke katikati ya hesabu

Andika juu ya karatasi yako: "Tsh ngapi kwa Ksh 1". Inaonekana ni jambo dogo hadi ufungue jedwali la Benki Kuu ya Kenya. Pale, mstari wa dola unakuambia shilingi ngapi za Kenya kwa dola moja. Ukishuka hadi mstari wa shilingi ya Tanzania, mambo yamegeuzwa: ni shilingi ngapi za Tanzania kwa shilingi moja ya Kenya. Uganda, Rwanda na Burundi nazo ziko hivyohivyo. Yen ya Japani imenukuliwa kwa yen 100. Jedwali moja, mielekeo mitatu. Benki Kuu ya Tanzania kwa upande wake hunukuu Ksh kwa Tsh, kwa hiyo hapo namba unaisoma ilivyo.

Kwa miaka ya kuanzia 1986 kuna kipimo rahisi: jibu likiwa chini ya moja, umegeuza. Kwa miaka ya kabla ya hapo kipimo hicho hakifanyi kazi, na sababu yake ndiyo kiini cha mwongozo huu.

Hatua ya 3: Pita kwenye dola

Usihangaike kutafuta jedwali la zamani la Ksh na Tsh ana kwa ana. Tafuta mawili: Tsh kwa dola na Ksh kwa dola, tarehe ileile, aina ileile (wastani kwa wastani, siku kwa siku). Gawanya la kwanza kwa la pili.

Benki ya Dunia ina wastani wa kila mwaka wa viwango rasmi kuanzia 1960, bure mtandaoni, na IMF ina takwimu za mwezi kwa mwezi. Kwa viwango vya kila siku vya miaka ya karibuni, ingia kwenye tovuti za benki kuu zenyewe. Kwa siku fulani ya miaka ya 70 au 80, njia ya uhakika ni magazeti ya zamani maktabani au barua ya kuomba kiwango cha tarehe hiyo kutoka benki kuu. Barua hiyo ndiyo utakayoihitaji pia kama jambo linakwenda mahakamani, maana hakimu hatapokea picha ya simu yako.

Mfano: wastani wa 1987 ulikuwa Tsh 64.26 na Ksh 16.45 kwa dola. 64.26 ÷ 16.45 = 3.91. Ile Ksh 10,000 ya daftarini, kama ilikuwa ya 1987, ni kama Tsh 39,100.

Haya hapa matokeo ya miaka michache, kwa wastani rasmi wa mwaka, Tsh kwa Ksh 1:

1967: 1.00
1976: 1.00
1980: 1.10
1982: 0.85
1983: 0.84
1985: 1.06
1986: 2.0
1987: 3.9
1990: 8.5
1993: 7.0
1995: 11.2
2000: 10.5
2007: 18.5
2015: 20.3
2019: 22.4
2023: 17

Rudia kusoma 1982 na 1983. Kwenye karatasi, shilingi ya Tanzania ilikuwa na nguvu kuliko ya Kenya. Kenya ilikuwa imeshusha thamani ya shilingi yake mara mbili mwaka 1981 na tena Desemba 1982. Tanzania ilikuwa inavutana na IMF na kushusha kwa shingo upande. Kwa hiyo vitabu vinasema Ksh 100 ilistahili Tsh 85, wakati ambapo mtu wa Arusha alikuwa anapanga foleni ya sabuni. Aliyekaa Tanzania miaka hiyo akiambiwa habari hii atacheka.

Hatua ya 4: Wastani, au siku yenyewe?

Ukishughulika na hesabu za mwaka mzima, kama mishahara, mauzo ya chama cha ushirika au bajeti, tumia wastani. Ukishughulika na tukio moja, kama mkopo, mahari au ununuzi wa ng'ombe, tumia kiwango cha siku au angalau cha mwezi.

Miaka mingi tofauti ni ndogo. Kuna miaka ambayo si ndogo hata kidogo. Kenya ilimaliza 1992 dola ikiwa kama Ksh 36. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umepita, pesa zilikuwa zimemwagwa, malipo ya serikali kwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu hewa yalikuwa yanaendelea, na udhibiti wa fedha za kigeni ukaanza kulegezwa. Mwisho wa 1993 dola ilikuwa Ksh 68. Mwaka mmoja baadaye shilingi hiyohiyo ilikuwa imerudi hadi Ksh 45. Upande wa pili Tsh ilitoka 335 hadi 480, kisha 523.

Pitisha kwenye dola uone. Mwenye Tsh 100,000 mwisho wa 1993 alipata takriban Ksh 14,200. Mwenye kiasi kilekile mwisho wa 1994 alipata Ksh 8,500 na kidogo. Ukitumia wastani wa 1994 unapata karibu Ksh 11,000, kiasi ambacho hawa wawili hawakukishika. Jambo la namna hiyo limejirudia karibuni: Januari 2024 dola ilipita Ksh 160, na baada ya Kenya kulipa mapema sehemu ya deni lake la Eurobond mwezi Februari, haikuchukua wiki nyingi dola ikawa kwenye 130.

Hatua ya 5: Jiulize kama kuna mtu aliyebadilisha pesa kwa kiwango hicho

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama jibu lako lina maana.

Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka zaidi ya sita kiwango rasmi kilikuwa ni cha biashara ambayo kwa njia ya barabara haikuruhusiwa. Katikati hapo kukawa na vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei, kahawa ikashuka, dola zikaadimika. Dola chache zilizokuwapo ziligawiwa na serikali kwa kibali, kwa bei ya serikali. Mtu wa kawaida hakuzipata kwa bei hiyo.

Biashara haikufa, ilihamia njia za panya. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia viliingia kutoka Kenya. Kahawa, mahindi na mifugo vilitoka. Vilikuwa na kiwango chao cha kubadilishana, na kiwango hicho hakikuandikwa ubaoni. Aliyekuwa na Ksh 100 Namanga mwaka 1982 hakuwa na haja ya kutafuta benki ampe Tsh 85. Mwaka 1983 serikali chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine iliendesha msako wa wahujumu uchumi, na watu walitupa bidhaa mitoni na vichakani. Ukimhoji mzee aliyefanya biashara wakati huo, mwanzoni anaweza kusita kukutajia bei. Mpe muda.

Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Huko kulikuwa kukiri kwa adabu kwamba dola ya mtaani ipo. Rais Mwinyi akaingia Novemba 1985, mwaka 1986 makubaliano na IMF yakafikiwa, na Tsh ikaanza kushushwa kwa kasi: kutoka 17 kwa dola hadi zaidi ya 50 mwisho wa mwaka. Ukitazama jedwali hapo juu utadhani 1986 ndipo shilingi ya Tanzania ilipoanguka. Ukweli ni kwamba mtaani ilikuwa imeanguka miaka mingi nyuma, na dola ilikuwa inauzwa mara kadhaa ya bei ya serikali. Kilichotokea 1986 na kuendelea ni vitabu kuanza kuukimbiza mtaa. Viliufikia baada ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992 kuruhusu maduka ya kubadilishia fedha na soko la benki kwa benki kuanza miaka miwili baadaye.

Basi gawanya hivi. Kwa tarehe za kabla ya 1977, kiwango rasmi hakikupotezi sana, ingawa miaka ya 70 mwanzoni tayari kulikuwa na udhibiti. Kwa 1977 hadi 1985, tumia kiwango rasmi kwa mambo ya serikali, mashirika ya umma na madai ya kisheria tu. Kwa mambo ya watu binafsi kitaje pembeni, kisha tafuta cha mtaani. Kwa 1986 hadi 1993, andika vyote viwili, maana pengo lilikuwa linapungua mwaka hadi mwaka. Kuanzia 1994, kiwango rasmi kinatosha.

Cha mtaani kinapatikana wapi? Franz Pick, mchambuzi wa fedha wa Marekani, alikuwa na kitabu cha kila mwaka kilichoorodhesha bei za magendo za sarafu za dunia, na maktaba za vyuo vikuu vikubwa huwa nacho. Watafiti wa uchumi wa Tanzania nao wamevitumia viwango hivyo kwenye makala zao. Lakini kumbuka vitabu vinakupa bei ya dola. Ksh na Tsh mkononi, mpakani, zilikuwa na soko lao.

Njia ya pili ni kutumia bidhaa. Chagua kitu kimoja kilichouzwa pande zote mbili, cha aina moja, chepesi kubeba. Tafuta bei ya kweli iliyolipwa kila upande, igawanye. Tuseme kipande cha sabuni kilikuwa Ksh 5 Taveta na Tsh 30 kwa mlanguzi wa Moshi: kiwango kinatoka 6. (Namba hizi ni za mfano tu, zako utazipata kwa wazee wako.) Usichukue bei ya duka la kaya (la mgao) au ya Tume ya Bei, iliyokuwa ikipanga bei za serikali, kwa sababu hiyo ni bei ya kitu ambacho mara nyingi hakikuwapo rafuni.

Kuna ujanja mmoja hapa ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Bidhaa iliyokuwa inaingia Tanzania ilibeba ndani ya bei yake nauli, hongo na hofu ya kukamatwa, kwa hiyo itakupa kiwango cha juu kuliko kilichokuwapo. Bidhaa iliyokuwa inatoka Tanzania, kama kahawa au mbuzi, itakupa cha chini, kwa sababu mzigo huohuo wa gharama uko upande wa pili. Fanya hesabu kwa angalau moja inayoingia na moja inayotoka. Kiwango cha kweli kimekaa kati ya hizo mbili. Usitafute desimali, hapa hata kusema "kati ya 4 na 6" ni kazi nzuri.

Hatua ya 6: Kununua, kuuza, na bei ya kati

Benki na duka la fedha vina bei mbili, na majedwali ya kihistoria karibu yote yanatoa ya kati. Aliyebadilisha kweli alipata pungufu. Kama una risiti ya benki au ujumbe wa simu wa muamala, huo unashinda jedwali lolote.

Hatua ya 7: Kuileta leo, ikibidi

Mara nyingi swali lenyewe ni "sasa hivi ingekuwa ngapi?" Kuna njia mbili, na hazitoi jibu moja.

Ya kwanza: badilisha Ksh kuwa Tsh kwa kiwango cha wakati ule, kisha ipandishe kwa mfumuko wa bei wa Tanzania hadi leo. Ya pili: ipandishe Ksh kwa mfumuko wa bei wa Kenya hadi leo, kisha badilisha kwa kiwango cha leo. Fahirisi za bei utazipata Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kwa Tanzania na Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) kwa Kenya. Za miaka mirefu zipo Benki ya Dunia.

Kama mkopo ulikuwa wa Ksh na mkopaji aliitumia Kenya, mimi nachagua ya pili. Pesa ile iliishi Kenya, ikapoteza thamani yake Kenya. Ya kwanza inafaa kama mzee alizibadilisha siku ileile akanunua bati za nyumbani Rombo. Ukianza na kiwango rasmi cha 1983 kwenye njia ya kwanza, kosa la hatua ya tano litazaa: utaanza na Tsh 8,400 badala ya kiasi kilicho mara kadhaa ya hapo, na mfumuko wa miaka 40 utalizidisha kosa hilo kama ulivyozidisha pesa yenyewe. Kinachokatazwa kabisa ni kuchanganya, yaani kupandisha kwa mfumuko wa nchi moja na kubadilisha kwa kiwango cha mwaka wa katikati kwa sababu jibu linapendeza. Nimeona hesabu za mirathi zilizofanywa hivyo.

Na kwa familia zinazogombana: njia ya kupitia ng'ombe, yaani Ksh 10,000 ilinunua ng'ombe wangapi wakati ule na ng'ombe hao leo ni bei gani, haikubaliki kwa mhasibu, lakini hueleweka na kila mtu aliyeketi barazani.

Hatua ya 8: Andika ulivyofika hapo

Jibu bila maelezo yake halimsaidii atakayekuja kulikagua. Weka kiasi, tarehe, mwelekeo, aina ya kiwango, chanzo, na siku uliyokitoa, kwa mfano:

"Ksh 10,000, mkopo, 1983, mwezi haukuandikwa daftarini. Rasmi: Tsh 0.84 kwa Ksh 1, wastani wa mwaka 1983 kupitia dola (11.14 ÷ 13.31), takwimu za Benki ya Dunia, sawa na Tsh 8,400. Mtaani: Tsh 4 hadi 6 kwa Ksh 1, kwa bei za sabuni na mbuzi, Taveta na Moshi, kwa kumbukumbu za wazee wawili waliohojiwa mbalimbali, sawa na Tsh 40,000 hadi 60,000. Mpaka ulikuwa umefungwa hadi Novemba mwaka huo. Kilichotumika kwenye mgawanyo: cha mtaani, kwa makubaliano ya pande zote, sahihi zimeambatishwa."